Niliwaambia watu mashapo ya dam yana sumu, wao wakasikia machapo

Wakuu, mambo vipi. Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na zenu halafu napita kimya. Leo nimeamua kutoa yangu.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Ilinipata mimi mwenyewe, kijijini kwetu juu kidogo ya Kamukuywa, na sijaongeza chumvi hata chembe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana bado nataka kukaribishwa nyumbani Krismasi.

Ni ndefu kidogo. Kama uko kazini, ngoja lunch.

Mimi nafanya kazi Kitale, kwa ofisi ndogo ya kupima maji na udongo. Shule ikitaka kujua kama kisima chake ni salama, inatuita. Mkulima akiona mahindi yanakuwa ya manjano bila sababu, anatuletea udongo kwa mfuko wa nailoni. Tuko wawili wa kwenda nje, mimi na mwenzangu Chebet. Kwa karatasi tuko cheo kimoja. Kwa ukweli yeye ndiye bosi, kwa sababu hakubali upuuzi na mimi nakubali kidogo.

Kijijini kwetu kuna dam ya zamani, ilichimbwa enzi za mashamba ya wazungu. Maji yake hatunywi, ya kunywa tunachota kwa chemchemi upande ule mwingine wa kilima. Dam ni ya ng'ombe, ya kumwagilia sukuma wiki, na vijana wanavua humo samaki wadogo. Hata makutano yetu ya barabara yanaitwa Dam. Ukitoka Kimilili unamwambia konda akushushe Dam, na hapo stage kuna vibanda, kinyozi, na kibanda cha chapati kinachojulikana mpaka Kitale.

Chini ya dam, pale maji yanapotokea, kuna kijito na kando yake kuna tope laini la mfinyanzi. Sisi Wabukusu mahali kama hapo tunaita sitosi.

Kwa wale wasiojua: mwaka wa tohara ukifika, asubuhi ya siku yenyewe kijana anapelekwa sitosi, anapakwa tope kutoka kichwani hadi miguuni, halafu anarudishwa nyumbani kwa nyimbo na kusimama mbele ya watu akatahiriwe. Tope lenyewe linaitwa litosi. Huwezi kulichukulia kama tope lingine. Baba yetu alipakwa pale. Kaka yangu mkubwa Wanjala alipakwa pale, na mimi pia. Mwaka ninaousimulia, aliyekuwa anangojewa ni Simiyu, kijana wa Wanjala, ikifika Agosti.

Sasa Wanjala ndiye mwenyekiti wa kamati ya dam. Na dam ilikuwa imejaa tope vibaya. Kiangazi ng'ombe wanakwama mpaka wanavutwa kwa kamba. Kamati ikalia kwa kila mtu mwenye cheo, mpaka mheshimiwa mmoja akakubali kutuletea tingatinga, lije lichimbe, liende. Tope lingepelekwa mashambani kama mbolea. Watu walikuwa wameshagawana kabla tingatinga halijaonekana, huyu anataka la kuweka kwa sukuma, yule la kukandika nyumba.

Wanjala akanipigia simu. "Ndugu yangu, wanataka karatasi ya kuonyesha hiyo tope iko safi. Si wewe ndio daktari wa hiyo maneno? Kuja uchukue sample, uandike iko safi, tuendelee."

Aliona ni rahisi hivyo. Niseme ukweli, mimi pia niliona ni rahisi hivyo. Nilikuwa nafikiria zaidi kuku atakayechinjwa.

Tulienda Jumamosi na Chebet. Njia ya kuchukua tope si kuinama na kuchota kwa kijiko. Unachukua bomba la plastiki, unalishindilia polepole chini mpaka likatae, unaziba mdomo wa juu kwa kiganja, halafu unalivuta. Tope linakuja na mpangilio wake, la juu likiwa juu na la zamani likiwa chini.

Pale katikati ya dam na upande wa chini bomba lilitoa udongo wa kahawia tu, udongo wa mashamba yetu ulioshushwa na mvua. Tukaenda kona ya juu, pale mtaro mmoja wa zamani unapoingia. Bomba la hapo lilikuwa tofauti. Juu kahawia, upana wa kiganja. Chini yake tope la kijivu, karibu jeusi, limekaza.

Nikalinusa. Wakuu, sijui kama ilikuwa harufu ya kweli au ni akili yangu, lakini nilirudi utotoni papo hapo. Mtaro ule unatoka kwenye dip ya ng'ombe. Ilifungwa nikiwa primary, siku hizi ni magugu na saruji iliyopasuka. Lakini mimi na Wanjala tumewahi kusukuma ng'ombe wa baba humo, wakitoka wanatetemeka na maji yanawachuruzika, na harufu ile ya dawa ya kupe ilikuwa inakaa kwa nguo mpaka mama analalamika. Dip ikisafishwa, uchafu wote ulikuwa unaachiliwa kwa mtaro. Na mtaro unashuka kwa dam.

Nilimwambia Chebet. Akaandika namba kubwa kwa chupa ya sampuli ile na kuizungushia duara.

(Kuna mkuu ameshauliza hapo chini kwa nini maji hayakuua ng'ombe miaka hiyo yote. Tulia, nakuja huko sasa hivi.)

Sumu za dip za zamani hazipendi kuelea kwa maji. Zinashika zile chembe za tope na kulala nazo chini. Miaka inapita, mvua inaleta udongo mpya juu yake, unafunika. Ndio maana unaweza kupima maji ya juu ukakuta hayana neno, na huku chini kuna kitu kibaya kimelala. Shida inakuja siku mtu akikoroga.

Majibu yalichukua muda, kwa sababu mengine ilibidi tupeleke maabara kubwa Nairobi. Yaliporudi, Chebet aliniita nje ya ofisi. Tope la katikati na la upande wa chini lilikuwa sawa. Tope la kona ya juu lilikuwa na aseniki, ile sumu iliyotumika kuua kupe enzi hizo, tena kwa kiwango cha kutisha. Si tope la kuweka kwa sukuma. Si tope la kukandika nyumba ambamo mtoto anatambaa na kulamba ukuta.

Na tingatinga lilikuwa njiani.

Nilimpigia Wanjala. Akasema, "Hiyo kona tu? Si tuichimbe ya mwisho?" Nikamwambia si rahisi hivyo, wacha nije niongee na watu wote. Akaniombea nafasi kwenye baraza la Jumamosi, uwanja wa shule.

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo, wakuu.

Nilijiandaa sana. Nilitaka kuongea Kiswahili cha heshima, cha mtu aliyetoka ofisini. Neno la kitabuni la tope linalotuama chini ya maji ni mashapo. Nikalipenda. Nikasimama na kipaza sauti cha kuazima kanisani, ambacho kilikuwa kinakatakata, na upepo unapiga, nikaanza:

"Ndugu wananchi, nimekuja kuwaambia kwamba mashapo ya Dam yana sumu."

Watu wakashtuka. Nikafurahi, nikaona ujumbe umeingia.

"Msiyapeleke nyumbani. Watoto wasiyaguse. Na mkiona yamekuwa meusi upande wa chini, hayo ndiyo mabaya zaidi."

Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Na yale tumekula tayari?"

Mimi nikadhani anaongea juu ya sukuma. Nikamjibu kwa upole, "Yaliyoliwa yameliwa, mama. Muhimu tuache kuanzia leo."

Nilishuka pale nikijiona waziri.

Nililala kwa Wanjala. Kesho yake Jumapili, baada ya kanisa, tumekaa sebuleni tunangoja chakula, mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia Mama Nekesa. Huyu ndiye mwenye kile kibanda cha chapati pale stage. Jumapili ndiyo siku yake kubwa, watu wakitoka makanisani wanapitia kwake chai na chapati. Alikuwa amebeba hotpot na amefunga leso kiunoni, na mtu wa kwetu akiona mama amefunga leso hivyo anajua kumeharibika.

Aliweka hotpot mbele yangu, akafungua. Chapati zimejaa mpaka juu.

"Kula."

"Mama, shikamoo..."

"Sikutaka salamu. Kula. Hii unga nimekanda na mikono yangu. Kama iko na sumu, ukufe hapa mbele ya ndugu yako, tuone."

Nikala. Bado sikuwa nimeelewa kosa langu, lakini nikala. Zilikuwa laini, na bado za moto.

"Wewe mtoto wa Mama Wanjala," akasema, na sauti ikaanza kumkatika, "mimi nimekukosea nini? Ulikuwa unatoka shule unapita kwangu, nakupea chai. Leo unasimama mbele ya chief unasema chapo za Dam ziko na sumu! Hakuna mtu amekuja leo. Hata mmoja! Umeharibu biashala yangu na maiki ya kanisa!"

Wakuu, nikaiweka chapati chini. Mashapo ya dam. Machapo ya Dam. Nikarudia yote niliyosema kichwani, neno kwa neno. Msipeleke nyumbani. Yakiwa meusi upande wa chini. Yaliyoliwa yameliwa.

Wanjala alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mimi sikucheka. Yule mama alikuwa analia kweli, na alikuwa na haki.

Nikamwomba msamaha, nikamwelezea. Mashapo ni lile tope la chini ya maji, mama, sikusema chapati. Akanitazama kama mtu anayejaribiwa.

"Sasa hiyo ni rugha gani? Si ungesema tu matope?"

Na hapo, bila kupanga, nikamjibu kwa neno la nyumbani. "Ni litosi, mama. Litosi ya dam ndiyo iko na sumu."

Mama Nekesa akaacha kulia. Alikaa chini kwa kiti ambacho hakuwa amekaribishwa.

Wanjala alikuwa amerudi mlangoni. Kicheko kikamwisha usoni. Kumbuka huyu nilikuwa nimeshamwambia kila kitu kwa simu. Nilimwambia tope, nikamwambia aseniki, na yeye akasikia habari ya karatasi. Sasa alisikia kitu kingine.

"Litosi gani?" akauliza.

"Ya kona ya juu, pale kwa mtaro wa dip. Imefunikwa, imelala. Lakini tingatinga likiingia litaikoroga, na maji yataishusha."

"Itashuka wapi?"

Alijua mwenyewe. Maji ya dam yanatokea sehemu moja tu.

Basi kitu cha kwanza kilikuwa kumrudishia Mama Nekesa jina lake. Adhabu yangu aliitoa yeye mwenyewe. Siku ya soko nije nikae pale kibandani, kiti cha mbele, nile chapati zake hadharani mpaka watu waamini. Nikaomba ruhusa kazini. Nilimwambia Chebet sababu na akacheka mpaka akaweka chupa ya sample chini isimponyoke.

Siku hiyo nilikula, wakuu. Kila mtu akipita anauliza, "Na wewe si ulisema ziko na sumu?" Nami namwita, namketisha, namwelezea polepole kwa maneno ya kwetu. Litosi ya kona ya juu. Dip ya zamani. Usikoroge. Mama Nekesa akanisikia mara nyingi mpaka akaanza kuelezea yeye, huku anageuza chapati. "Sumu iko kwa litosi, imefunikwa, haina shida ikilala. Mtu asiende kuiamsha. Ongeza chai?"

Nilichoshindwa kufanya kwa kipaza sauti, kilifanyika pale kibandani ndani ya siku moja. Ila kilikuja na shida yake.

Neno litosi lilipofika kila boma, swali likabadilika. Wazee wakaanza kuuliza, je, sitosi yetu? Watoto watapakwa nini Agosti? Wengine wakakasirika kabisa, wakasema huyu kijana ametumwa kuharibu tohara yetu, anataka watoto wote wapelekwe hospitali wakatahiriwe wamelala kitandani. Mmoja akamwambia Wanjala kwa uso kwamba ndugu yake amechafua mahali pa ukoo kwa mdomo tu.

Sitosi hatukuwa tumeipima. Haikuwa imeniingia akilini. Kupakwa tope asubuhi moja kwa ngozi nzima si kama kula sumu, hilo ningeweza kulisema. Lakini tope linaingia mdomoni, linaingia machoni, na kijana yule anaenda kukatwa dakika chache baadaye. Nani atasema ni sawa bila kupima? Si mimi. Huyo ni mtoto wa ndugu yangu.

Wazee wakakubali sitosi ipimwe, kwa masharti. Aingie mwanaume aliyetahiriwa, tena wa ukoo. Mwanamke asikanyage. Kwa hiyo mtaalamu wetu halisi, Chebet, akabaki barabarani pale juu, na mimi nikashuka na bomba, na simu ikiwa sikioni.

"Umevaa gloves?"

"Nimevaa."

"Usianze na pale umekanyaga. Enda juu, maji yanakotoka. Hiyo chupa umeisuuza?"

"Nimesuuza."

"Sijasikia maji. Suuza tena."

Wazee wawili waliokuwa wananilinda wakaangaliana. Mmoja akasema, "Huyo msichana ndio anakuja kukuoa?" Nikasema hapana mzee, huyo ni kazi. Chebet alisikia yote kwa simu.

Nilichukua sampuli sehemu kadhaa, na wakati wote nilikuwa na uzito moyoni. Mara ya mwisho kusimama pale nilikuwa kijana, nasikia baridi, nimevuliwa nguo, naogopa na kujikaza nisionekane. Sasa nimerudi na chupa, na nikipata jibu baya mimi ndiye nitafunga mahali hapa. Niliomba, wakuu. Kwa sauti ndogo, lakini niliomba.

Sampuli zikapelekwa Nairobi. Na kabla majibu hayajarudi, tingatinga likafika.

Lilikuja likiwa limebebwa na lori, asubuhi, na kijiji kizima nyuma yake. Dereva alikuwa na siku chache tu, baada ya hapo linaenda kata nyingine, na watu wa kata nyingine walikuwa wanalingoja kwa hamu. Wengi pale walikuwa wamechoka na maneno. Walitaka dam. Mtu ambaye ng'ombe wake alikwama akafia kwa tope, utamwambia nini kuhusu chembe?

Mimi nilikuwa Kitale, haya niliyapata kwa simu ya Mama Nekesa, ambaye alifunga kibanda kwenda kuona. Alisema dereva aliwasha mashine, ikaanza kushuka kuelekea kona ya juu, kwa sababu hapo ndipo ukingo ni laini. Watu wakashangilia. Wanjala akatembea, akasimama mbele yake.

Huyu ndiye mwenyekiti aliyewaahidi watu wale. Kura zao ndizo zilimweka pale. Alimwambia dereva, "Zima." Watu wakapiga kelele. Akasema, "Mimi ndio nilileta hii mashine, na mimi ndio nasema izimwe. Mtoto wangu anapakwa hapo chini. Na wenu. Kama hatujui iko na nini, hatukorogi. Mnaweza kunitoa uenyekiti, lakini leo hapana."

Mama Nekesa ananiambia dereva akaizima.

Nilikuwa kwa stoo ya ofisi nikisikiliza hiyo simu, na machozi yalinitoka. Si kawaida yangu. Wanjala ni mtu mgumu, hajawahi kukubali mbele ya watu kwamba nilikuwa sahihi kwa kitu chochote, hata mpira.

Chebet ndiye aliyeokoa tingatinga lisipotee bure. Alisema, kwa nini likae? Wacha lifanye kazi nchi kavu. Siku hiyo hiyo tukashuka Dam. Kwanza likachimba mtaro mpya wa kuzungusha maji ya mvua, yasipitie tena kwenye dip ya zamani na kuingia dam. Halafu likachimba upande wa chini, mbali na kona, pale tulipokuwa tumepima na tope ni safi. Kidogo kidogo, wakati maji yamepungua, na magunia ya mchanga yamepangwa kuzuia uchafu usisambae. Hilo tope safi watu wakalibeba mashambani, na hakuna aliyegombana na mwingine.

Kona ya juu hatukuigusa. Wataalamu wa mazingira wa kaunti walikuja, wakaangalia namba, wakakubaliana na mpango wa kuifunika. Tukaleta mfinyanzi safi na changarawe, ukatandazwa juu polepole kwa mikono na makarai kutoka kwenye mtumbwi mdogo na mbao, ili lile la chini lisiamke. Ikazungushiwa ua. Ng'ombe hawafiki tena, na vijana wanavulia upande mwingine.

Si dawa ya milele, nisiwadanganye. Kila mwaka tunarudi kupima kama kifuniko kimekaa. Ile dip yenyewe bado inahitaji kusafishwa na watu wenye vifaa, na hilo tunaendelea kulisukuma. Lakini sumu imelala, na imefunikwa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Na sitosi?

Majibu yalikuja Chebet akiwa na simu na mimi niko kwa pikipiki, nikasimamisha katikati ya mahindi. Akasema neno moja, "Safi." Nikamwambia rudia. Akarudia. Akaniambia sababu pia. Miaka hiyo yote dam ilikuwa inakamata lile tope baya juu, haikuacha lishuke. Kile tulichokuwa tunakilaani kwamba kimejaa uchafu ndicho kilikuwa kimetulindia mahali petu. Na kama tingatinga lingeingia ile asubuhi, tungelishusha lote kwa siku moja.

Nilipiga kelele peke yangu kwa shamba la watu.

Agosti ikafika. Siku ya Simiyu baridi ilikuwa ile ya kung'ata, tukashuka sitosi kukiwa bado kijivu, nyimbo zinapanda na kushuka kilima. Yule kijana alisimama kwa maji akitetemeka taya. Mwenye kumpaka huwa anachaguliwa na baba wa mtoto, na watu wanaangalia tabia yake na nyumba yake. Nilijua ni mzee mmoja jirani, mambo hayo hupangwa mapema.

Wanjala akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya wale wanaume wote. Akasema tu, "Wewe ndio unaijua hii litosi. Mpake."

Nikainama, nikachota kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi na laini, na haikuwa na harufu yoyote isipokuwa ya mto. Nikaanza kichwani. Simiyu alifunga macho. Nilimpaka mabega, nikampaka kifua, na moyo wake nilikuwa nausikia kwa kiganja. Sikuwa na hofu hata kidogo na kile nilichokuwa nampaka.

Akapanda kilima, akasimama, hakupepesa macho.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Kitu kichafu kikiwa kimetulia chini, usikimbilie kukichimbua kwa sababu tu una mashine. Pima kwanza, jua kimelala wapi, ndipo uamue kama ni cha kutoa au cha kufunika. Na ukienda kuwaambia watu wako habari inayogusa maisha yao, waambie kwa neno wanalolitumia wakiwa nyumbani. Mimi kazi yangu karibu iharibike kwa sababu ya neno moja la kujionyesha.

Sasa nataka kusikia kwenu. Kuna mtu ako na dip ya zamani karibu na mto au dam kwao? Sirisia, Kimilili, upande wa mlima, popote. Mlifanya nini? Waliosomea mambo haya pia wanikosoe, sina hasira. Na wale mnaotaka kunicheka kwa ajili ya chapati, chekeni, nimeshazoea. Nasoma comments zote, na wenye maswali ya kupima nitawajibu mmoja mmoja hapa hapa.